Kukimbia kwa Mignonne

Televisheni ikishaingia kwako, amani imekwisha. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo walipokuja kwa Cécile, jirani yangu wa Schaerbeek, huku Ulaya, na chai waliyokunywa niliichemsha mimi. Cécile anahudumia vikongwe katika nyumba ya wazee. Binti yake Mignonne anakimbia mbio ndefu, na chuo kimoja cha Amerika kilikuwa kimemwahidi nafasi ya kusoma bure. Kwa mama aliyemlea peke yake, nafasi hiyo ilikuwa kila kitu.

Mwandishi wa habari alimwomba Cécile aseme Kiswahili, eti kinapendeza masikioni. Mtafsiri wao alikuwa Junior, kijana mzaliwa wa hapa hapa, Kiswahili chake cha kuombea chumvi. Cécile akaeleza walivyotoka Kivu vitani: "Tulikimbia na huyu mutoto, njo wakatupatia nyumba na chakula." Junior alijua kukimbia kwa uwanjani tu. Jioni ile maandishi ya Kifaransa yakatangaza kwamba Mignonne alikuwa akishindana tangu Kongo, na mbio zake ndizo zilizoipatia familia nyumba na chakula. Watu wakalia machozi, magazeti yakanakili, simu hazikupumzika.

Chuo nacho kikasikia. Kikauliza kama msichana huyu amekwisha kulipwa kwa kukimbia, maana mkimbiaji aliyelipwa hawawezi kumpokea.

Kikazuka kikao kisichoisha kwenye jiko la Cécile. Crispin, mjomba wa Mignonne, alitaka televisheni isahihishe. Televisheni ilikubali, lakini kwa sharti warudi na kamera, wapige picha za mama akisimulia vita. Mignonne akasema watu hao hawakanyagi tena pale. Mimi nilikuwa upande wa mtoto, na nilimwambia Crispin bila kuficha kwamba anapenda kuonekana. Cécile alikuwa akiosha sufuria ile ile, akilia. Aliacha kula. Niliogopa atatuangukia.

Mwishoni tukakubaliana azungumze na chuo chenyewe, kwa simu ya video, Mignonne akitafsiri kwa Kiingereza. Upande wa pili alikuwapo mama mmoja mpole wa ofisi inayoamua nani aruhusiwe kushindana. Akauliza polepole: mtoto huyu aliwahi kukimbia akalipwa?

"Huyu hakukimbia hata kidogo," Cécile akasema. "Alikuwa bado mudogo, nilimubeba ku mugongo. Mwenye kukimbia ni miye na kaka yake. Nilimukamata mukono." Akaendelea kwa sauti ya chini. "Alors, watu walikuwa mingi sana. Mukono ikaniponyoka."

Mignonne alikua akijua kwamba yeye ni mtoto wa pekee. Hata mimi nilijua hivyo, pamoja na urafiki wetu wote. Crispin alitazama sakafu, nikaelewa kwamba yeye alijua.

Yule mama wa Amerika alisubiri tafsiri, akauliza tena mzazi amesema nini. Mignonne hakumsikia.

"Kaka gani, maman?"

Cécile alijifunika uso kwa kitenge. Crispin ndiye aliyeichukua simu, akamalizia maelezo kwa Kiingereza chake cha kubahatisha, nao wakaelewa.

Chuo kilimthibitishia nafasi wiki ile ile. Mignonne ndiye aliyeikataa. Anasema hawezi tena kukimbia, na mama yake hajathubutu kumwomba abadili nia.