Mkono Uliopita Dirishani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya hospitali moja Meru, Msimamizi wa Maabara alinionyesha dirisha dogo la kupokelea wagonjwa. "Hapa hatuangalii sura," akasema. "Tunatafuta mshipa." Nililishika agizo hilo kwa miaka, na nusura liniponze.

Katika miaka ya tisini nilihamishiwa Embu. Daktari wa Macho wa huko, mtu mkali, alitaka kila anayekuja kutolewa mtoto wa jicho apimwe kwanza virusi vya homa ya ini. Wengi walikuja kwa miadi, wazima kabisa. Lakini virusi hivyo hukaa kwenye damu miaka nenda miaka rudi bila dalili, na sindano ikimteleza daktari, naye amevipata. Aliyekutwa navyo hakukataliwa. Alipasuliwa wa mwisho, na vyombo vyake vikasafishwa kando.

Asubuhi moja niliita jina la bikizee kutoka Manyatta. Mkono ukapita dirishani, nikafunga mpira, nikavuta damu, nikaita mwingine. Majibu yakaonyesha virusi vipo. Desturi ilikuwa kurudia kipimo kwa damu mpya, kwa hiyo kesho yake nikaenda wodini. Bikizee akaninyooshea mikono yote miwili iliyokunjamana, haina hata alama ya sindano.

"Cucu," nikamwita, kama bibi wanavyoitwa huko, "jana nilikutoa damu mkono gani?"

"Wewe? Mimi hakuna mtu amenidunga."

Binti yake, aliyeketi kando ya kitanda akiwa na mimba ya miezi minane, akainamisha kichwa. "Ni mimi nilitoa, daktari. Mami hana damu mingi. Ningeachaje atolewe na bado anaenda kupasuliwa?"

Mkono wa msichana nimeuandika wa nyanya! Nilipompima bikizee mwenyewe, damu yake ilikuwa safi. Niliyemkuta na virusi ni binti, na mama wa namna hiyo anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa. Nilimweleza faraghani. Hakuuliza lolote juu yake mwenyewe, aliuliza tu kama mtoto ataokoka.

Nilimwendea Daktari wa Macho nikijua kazi imeisha.

"Wewe nitakuchinja baadaye," akasema. "Huyo mtoto lazima achanjwe siku ile ile atazaliwa. Piga simu Nairobi!"

Chanjo ilifika ndani ya kiboksi cha barafu, na mtoto akadungwa kabla hajamaliza saa mbili duniani. Bikizee naye alipasuliwa, akaona. Mtoto alipopita mwaka mmoja, binti alimleta apimwe. Nilirudia kipimo mara tatu kwa woga. Hana kitu. Nililia pale pale maabara, wala sikuona haya.

Sasa nimestaafu, nafuga ng'ombe wawili Githongo. Nyinyi vijana wa maabara mkinitembelea hupenda kuniuliza juu ya makosa yangu. Yapo mengine ambayo hayakuisha vizuri, na bado yananiuma. Lile la Embu ndilo pekee ninalomshukuru Mungu kwamba nililifanya.