Mke wangu alipokwenda kusomea multimedia, wivu ulinifikisha Sangailu

Assalamu alaykum wakuu, na wale wa salamu nyingine, habari zenu.

Jana kwenye uzi mmoja humu jamaa aliuliza kama mwanaume anaweza kumwonea mke wake wivu kwa sababu ya masomo. Wengi mkamcheka. Mimi sikucheka. Nimekaa na hii kitu miaka mingi, leo naitoa yote. Si chai, ni maziwa ya ngamia matupu, bila sukari.

Twende.

Ni Garissa, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi nilikuwa mchoraji. Nilifanya kazi kwenye ofisi moja iliyokuwa ikitengeneza mabango na kanda za kuwaelimisha wafugaji: chanjo ya mifugo, maji safi, mambo kama hayo. Ukiona bango lenye ngamia mgonjwa kwenye ukuta wa zahanati enzi hizo, huenda ni mkono wangu.

Hodan alikuja ofisini kurekodi sauti za zile kanda. Akanizoea, nikamzoea, tukaoana. Kushika penseli nilimfundisha mimi. Hilo mliweke akilini, kwa sababu ndilo lililoniuma.

Ikatokea nafasi moja ya ufadhili. Diploma ya uzamili ya usanifu na utayarishaji wa multimedia, chuo kimoja Nairobi. Wakati huo hilo neno lenyewe, multimedia, tulilitamka kama dawa ya kizungu. Picha, sauti, video na maandishi, vyote ndani ya kompyuta moja, na mtu anabonyeza anachotaka.

Tuliomba wote wawili. Tulikwenda kwenye usaili pamoja, basi moja, kiti kimoja.

Mimi nilibeba michoro yangu bora. Hodan alibeba kaseti moja na karatasi yenye vimiraba alivyochora kwa kalamu ya bluu, mistari imepinda. Akawaeleza wale wasaili jinsi mama asiyejua kusoma angeweza kugusa picha ya mbuzi na kusikia ugonjwa wake kwa Kisomali.

Waliniambia kazi yangu ni nzuri sana.

Wakamchukua yeye.

Wakuu, nilimpongeza. Nilinunua mbuzi, tukachinja, watu wakala. Lakini usiku ule nilikuwa nawaza ile karatasi yake tu. Vimiraba vilivyopinda! Mimi ndiye niliyemwambia mstari huanzia begani, si kwenye vidole.

Akaenda Nairobi, akakaa kwa mama yake mdogo Eastleigh. Mimi nikabaki na mabango yangu.

Alikuwa akinipigia simu kwenye duka la jirani. Nikija kupokea, wateja wote wananyamaza kusikiliza. Na Hodan anaongea kwa furaha: leo tumejifunza hiki, leo tumejifunza kile, fremu, ubao wa hadithi, yaani kuichora video kwa vimiraba kabla ya kuirekodi, jinsi ya kukata sauti pasipo mtu kusikia kovu. Katika kila hadithi kuna jina moja. Mutiso. Mutiso alisema, Mutiso alinionyesha, mimi na Mutiso tumepewa kamera moja.

Nikirudisha ule mkono wa simu, mwenye duka ananiuliza, "Na huyo Mutiso ni nani?"

Hata yeye alikuwa ameshalishika jina.

Adeer Gedi, ndugu wa marehemu baba yangu, naye hakunisaidia. Hatukuwa tumepata mtoto bado. Alikuja nyumbani akanikuta napika ugali mwenyewe, akakaa kwenye kiti bila kuvua kofia.

"Mke anasoma Nairobi na wewe unapika," alisema. "Oa mwingine. Huyu akirudi atarudi na suruali."

"Adeer, ni mwaka mmoja tu."

"Mwaka mmoja ngamia anazaa."

Sikumkatalia, na nikaanza kulifikiria lile neno kila nikiwasha jiko.

Nikapanda basi kwenda Nairobi bila kumwambia.

Chuoni nikaelekezwa maabara yao. Chumba baridi, viatu mnavua mlangoni. Nilisimama dirishani kwanza. Hodan alikuwa amevaa vipokea sauti juu ya mtandio wake, anaangalia skrini, na kando yake kijana mrefu amevuta kiti. Hodan akacheka. Cheko lile nililijua vizuri, nilidhani ni langu peke yangu.

Aliponiona aliruka. "Njoo uone! Njoo haraka kabla haijaganda!"

Hakuuliza nimefuata nini. Alinivuta mkono nikaone skrini.

Mutiso akainuka, akanisalimia kwa mikono miwili. "Kumbe wewe ndiye mchoraji! Hodan hutuambia habari zako mpaka tunachoka."

Sifa kutoka kwa mtu usiyempenda ni kitu kigumu kumeza, wakuu.

Hodan akanieleza kuwa ile kompyuta inaweza kukaa masaa mengi ikitengeneza kipande kidogo tu cha video.

"Na nyinyi mnafanya nini wakati huo wote?" niliuliza.

"Inajipikia. Sisi tunasoma."

"Wewe na yeye."

Akaniangalia. "Mimi na yeye na wenzetu wote uliowakuta hapa. Kwani umekuja kuhesabu watu?"

Kweli walikuwa wamejaa mle ndani. Sikuwa nimewaona.

Sasa mradi wake wa mwisho. Alitaka kutengeneza CD kuhusu nyumba yetu ya kuhama, ile ya miti ya kupinda na mikeka inayobebwa na ngamia. Kwetu nyumba hiyo ni ya mwanamke. Anaijenga yeye, anaibomoa yeye, anaipakia yeye. Wazo lake ni kwamba mtu aone picha ya nyumba nzima, abonyeze mti au mkeka, na amsikie mwanamke aliyeutengeneza akiongea.

Na mwanamke aliyemtaka ni mama yangu. Hooyo alikuwa akiishi Sangailu na mifugo yake, mji ulimshinda.

Akaniomba ruhusa. Angekwenda na Mutiso kwa sababu kamera ilitolewa kwa watu wawili. Nikikataa, hana mradi. Asipokuwa na mradi, hana diploma. Adeer aliniambia nikatae. Nilikaa na hilo jibu mdomoni siku kadhaa, na nawaambia ukweli, lilikuwa tamu.

Mwishowe nikasema sawa, ila nami nakuja. Sikwenda kusaidia. Nilikwenda kulinda.

Tukakodi gari, dereva kijana wa Garissa anaitwa Dahir. Njia yote mchanga na miiba. Mutiso alitapika mara kwa mara, na sitawaficha, nilifurahi kila mara.

Tulipofika, Hooyo alimtazama Mutiso, akatazama ile kamera, akaniambia kwa Kisomali kuwa mwanaume huyo haingii ndani mwake.

Dahir akamtafsiria Mutiso: "Mama nasema wewe kaa nje. Bicha nabiga huyu msichana beke yake."

Basi Hodan akaingia peke yake na kamera, maikrofoni na betri. Sisi wanaume tukabaki chini ya kivuli cha turubai tunakunywa chai.

Tulikunywa chai siku mbili, wakuu.

Na kutoka ndani nasikia mambo. Nasikia Hooyo anacheka. Halafu nikasikia anaimba! Mama yangu! Huyu aliyenilea kwa amri, lete maji, funga mbuzi, kasome. Sijawahi kumsikia akiimba maisha yangu yote. Nilisimama niende mlangoni, jirani mmoja wa kike akanirudisha kwa jicho tu.

Nikakaa. Nadhani Mutiso aliiona sura yangu.

"Nikuambie kitu?" alisema. "Mimi namwonea mke wako wivu kuliko maelezo. Nimegusa kompyuta kabla yake. Lakini mwalimu akiingia, anakwenda moja kwa moja kwenye meza yake. Mimi nabeba tripodi."

Nilimwangalia yule kijana, midomo imekauka, mchanga masikioni. Alikuwa anasema kweli. Hakuwa anamtaka mke wangu. Alitaka kichwa chake, kama mimi.

Nikamwongezea chai. Wivu wangu juu ya Mutiso ulikufa pale pale. Lakini kumbe ulikuwa umekaa juu ya mwingine mkubwa zaidi, na huo sasa ulikuwa wazi.

Usiku nikamuuliza Hodan, "Mama anaimba nini?"

"Subiri utaona," alisema. "Ameniambia nisikuambie. Anataka usikie kama watu wengine."

Kama watu wengine. Mwanawe.

Miezi ikapita, siku ya maonyesho yao ikafika. Adeer Gedi alikuwa Nairobi kwa biashara ya ng'ombe, akasema atakuja kuona hiyo suruali. Tukakaa safu ya mbele, ukumbi umejaa.

Hodan akasimama na baibui yake, akaweka mkono kwenye mouse. Ukutani ikatokea nyumba ya mama yangu. Akabonyeza mti, Hooyo akaeleza ulikatwa wapi na unalowekwa vipi mpaka ukubali kupinda. Maneno ya Kiswahili yanapita chini. Akabonyeza mlango, Hooyo akaimba. Ni wimbo wa kusukia mikeka, mikono yake inakwenda nao.

Halafu akabonyeza mkeka mkubwa, ule wa nakshi nyekundu na nyeusi.

Hooyo akasema, "Hii nakshi hakunifundisha mtu. Niliitoa kichwani. Wanawake wa hapa wote wanaiiga, na mimi nawaacha. Mwanangu anachora. Watu wa baba yake wanasema ameirithi kwao, eti babu yao alikuwa anachora alama za ngamia vizuri. Mimi nacheka tu. Alikuwa analala juu ya mkeka huu akiufuata kwa kidole kabla hajajua kusema maji."

Ukumbi ukacheka. Ukapiga makofi.

Aliyekuwa akisema habari za babu ni Adeer Gedi. Alikuwa akizisema tangu nikiwa shule ya msingi, na mimi nilizirudia hata kwenye ule usaili. Nilimgeukia. Alikuwa ameshika fimbo yake anatazama chini.

"Huyu mwanamke," alisema polepole, "amenichapa mbele ya Nairobi nzima."

Baadaye, tukiwa nje, akaniambia, "Yale maneno ya kuoa mwingine, yaache. Huyu wako akikasirika anaweza kunirekodi na mimi."

Hodan alipata alama za juu kabisa. Mutiso alimpigia makofi mpaka nikamwonea huruma.

Jioni tukatembea na Hodan Eastleigh, matope hadi kwenye vifundo. Nikasimama.

"Nina wivu," nilimwambia.

"Bado Mutiso?"

"Mutiso ni rafiki yangu sasa. Nakuonea wivu kwa sababu ya mama yangu. Mimi ni mtoto wake. Nimelala juu ya ule mkeka. Kwa nini amekuambia wewe?"

Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Nilimuuliza," alisema. "Nilimuuliza, hii umeifanyaje? Basi. Akaniambia hajawahi kuulizwa hilo swali na mtu."

Sikulala vizuri.

Wiki iliyofuata nikaenda Sangailu peke yangu. Bila kamera, bila kaseti. Hooyo akaniuliza, "Mke wako amesahau nini?" Nikamwambia hajasahau kitu, nimekuja mwenyewe. Nikakaa chini kwenye mchanga, mahali wanawake wanakaa wakisuka, nikamuuliza nakshi ile inaanzia wapi.

Akaenda ndani, akarudi na kipande cha mkeka ambacho sikuwahi kukiona.

"Hiki sikumwonyesha Hodan," alisema. "Yeye atakiweka ukutani watu wakione. Hiki ni cha mtu mmoja."

Akanieleza. Tulikaa mpaka mbuzi wakarudi. Alinifundisha kukisoma, mstari kwa mstari, na kuna mahali sauti yake ilikatika nikamsubiri.

Hooyo ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Hodan siku hizi anafundisha vijana kazi ile ile, na vile vimiraba vyake bado vimepinda. Tuna watoto. Bado namwonea wivu akishika kalamu, sitawadanganya kwamba umeisha. Nimejifunza tu kwamba nikisikia unaniwasha, kuna swali mahali fulani ambalo mwenzangu ameuliza na mimi sijauliza. Naondoka naenda kuliuliza.

Nyinyi wenye wake au waume waliowazidi darasani, mliishi vipi na hiyo kitu? Semeni ukweli, hapa hatujuani.

Kile kipande cha mkeka, Hodan alikiona kwenye mizigo yangu siku ile ile niliporudi. Aliuliza kinasemaje. Ameuliza tena mwezi uliopita. Najua yumo humu jukwaani kwa ID ambayo amekataa kunitajia, kwa hiyo namalizia: mama watoto, kama unasoma hapa, sikuambii.