Mji Mweusi wa Kesho

Mimi na mkorogo hatupikiki chungu kimoja. Nikimwona dada pale Nyamagana kajichubua mpaka vidole vya miguu, damu inanichemka. Kwa hiyo jumuiya yetu ya Igoma iliponiomba igizo la sikukuu ya kigango, niliandika Mwanza ya miaka mingi ijayo: vyombo vinaruka juu ya ziwa, vijana wa Kisukuma wana maabara zao wenyewe, na kila mtoto anachomwa sindano ya vinasaba akiwa bado tumboni ili azaliwe mweusi tii. Nilijiona nimepatia kweli kweli.

Siku ya mazoezi nyumbani kwangu, katekista aliniuliza, "Mwalimu, kwani Mungu alikosea wapi hata tumrekebishie?"

Nikamjibu kwamba hata miwani yake ni marekebisho. Watu wakacheka, naye akacheka.

Binti wa marehemu dada yangu hakucheka. Nimemlea mimi. Ana ualbino, na wakati huo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Tangu utotoni nilimpaka mafuta ya kuzuia jua kabla ya misa, nikagombana na kila aliyemtazama vibaya mtaani. Na bado nilikuwa nimeandika mji mzima bila yeye kunijia akilini. Niliona aibu sana.

Watu walipoondoka, alikuwa anakusanya vikombe vya chai.

"Mama mdogo, hiyo sindano ni ya watu kama mimi?"

"Hapana, mwanangu. Ni kwa ajili ya hawa wanaojichubua."

"Wanaojichubua si wamezaliwa weusi tayari?"

Nikamwambia nitamwandikia nafasi nzuri, awe malkia wa ziwa.

"Usinipambe, mama. Weka mama mmoja anayeikataa hiyo sindano, basi."

Kesho yake asubuhi nikakaa mezani. Mama yule akaingia hospitalini, akasema hataki. Nikampa daktari zamu yake, na maneno yakanimiminika: jua kali, saratani ya ngozi, macho, watu wenye roho mbaya. Nikajaza ukurasa mzima bila kufuta neno. Nilipomrudia mama ili ajibu, nilikuta sina la kumpa. Mtoto yule nimemlea kwa mapenzi yangu yote, na miaka yote hiyo moyoni nilikuwa upande wa daktari.