Rejista Yangu ya Zawadi

Kosa langu kubwa katika utumishi wa umma nililifanya kwa nia njema, kwa mwandiko mzuri, na kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa uwanja. Nilikuwa mtendaji wa kijiji, kijiji kimoja cha kata ya Kwedizinga, Handeni, na ndiyo kwanza nilikuwa naingia mwaka wa pili kazini. Kwa asiyejua, mtendaji ndiye serikali yote ya mahali pale. Barua ya utambulisho ni yeye, kibali cha kusafirisha ng'ombe ni yeye, ugomvi wa mpaka wa shamba unaanzia mezani kwake, na mhuri unakaa kwenye droo yake. Mimi binti wa Kwamndolwa, Korogwe, niliyelelewa na mama muuza ndizi, nilikabidhiwa mhuri huo nikiwa bado naitwa "mtoto" na kila mtu aliyenizidi miaka mitano. Nakiri kwamba kichwa kilivimba kidogo.

Basi tukaitwa Handeni mjini, watendaji wa vijiji vingi, kwenye semina ya maadili ya siku mbili. Wenzangu walikwenda kuonana na kupiga soga. Mimi nilikaa kiti cha mbele. Mwezeshaji, bwana mmoja mpole asiye na haraka, alitupitisha kwenye kanuni moja baada ya nyingine: toa huduma bila upendeleo, usitumie cheo kwa faida yako, usipokee zawadi kwa kazi ambayo tayari unalipwa mshahara kuifanya. Zawadi ikija na ikashindikana kurudishwa, alisema, iandikwe kwenye rejista, ijulikane imetoka kwa nani na imekwenda wapi. Mwisho tukasaini ahadi ya uadilifu. Wenzangu walisaini huku jicho moja likiwa kwenye kreti la soda. Mimi nilisaini, nikajiambia kijiji changu kitakuwa cha mfano mkoa mzima.

Lazima nieleze hali niliyoikuta. Kule mtu haendi kwa mtu mikono mitupu. Akienda kumjulia hali mgonjwa anabeba kitu, akienda kuulizia habari za posa anabeba kitu, akienda kwa jirani kuzungumzia mvua tu, anabeba hata mahindi mawili ya kuchoma. Kwa hiyo waliokuja ofisini kutaka barua nao walibeba kitu, na wala hawakukiita rushwa. Walikiita salamu. Mtangulizi wangu alizipokea salamu hizo kwa moyo mkunjufu, hata ikabidi ajenge banda la kuku nyuma ya ofisi. Banda hilo nililikuta, na nikaambiwa kwa fahari kwamba linaingiza kuku ishirini.

Kabla ya kurudi kazini nilipitia nyumbani, nikanunua kaunta buku nene yenye jalada gumu dukani Korogwe, nikakaa kibarazani kwa mama nikipiga mistari kwa rula: tarehe, jina, zawadi, imepelekwa wapi. Mama aliacha kufunga ndizi.

"Na mimi nikikupa ndizi utaniandika?"

"Wewe ni mama yangu, si mteja wa ofisi."

"Haya, serikali," akasema, akaendelea kufunga ndizi zake.

Jumatatu nikaibandika ile ahadi ya uadilifu ukutani, juu ya droo ya mhuri, nikafungua mlango. Mteja wa kwanza alikuwa mfugaji aliyetaka kibali, na kwapani kwake kulikuwa na kuku. Nikamwandikia kibali, kisha nikamweleza kwa upole kwamba kuku simpokei. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimeongea vizuri sana, akamfunga kuku kwenye mguu wa meza, akaondoka.

Nikamwita mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa mzee mcheshi mwenye mashamba ya mahindi, aliyenivumilia kama mtu anavyomvumilia binti yake aliyerudi kutoka shule ya bweni.

"Mtendaji, kuku huyo usimrudishe," alisema. "Ukimrudisha, kesho kijiji kizima kitasema mtendaji kaona kuku wa fulani ana ugonjwa wa mdondo."

"Basi namwandika."

"Mwandike. Kuandika hakumuumizi mtu."

Nikamwandika kuku, na chini ya "imepelekwa wapi" nikaandika shule ya msingi, jikoni. Watoto wakala makande yenye mchuzi wa kuku siku hiyo, na mimi nikalala usingizi wa mtu mwadilifu. Kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa nimejaza ukurasa mmoja na nusu. Mkutano mkuu wa kijiji ulipofika, nikaona ndiyo nafasi ya kuuonyesha uwazi wenyewe ulivyo. Nilisimama mbele ya watu wote, nikafungua kaunta buku, nikaanza kusoma. Jina, na alicholeta. Jina, na alicholeta.

Nilitarajia watu wainamishe vichwa. Wakapiga makofi. Nilipofika kwenye jogoo wa mzee mmoja wa kitongoji cha juu, akina mama wakapiga vigelegele, naye mwenyewe akasimama, akavua kofia, akageuka kulia na kushoto ili watu wa pande zote wamwone. Nikajiambia, tazama jinsi wananchi wanavyopenda uadilifu. Nikasoma kwa sauti zaidi.

Sasa msomaji anicheke, nimestahili. Mimi niliyekulia jirani tu, niliyehudhuria misiba na harusi Korogwe na Handeni tangu nikiwa mgongoni, nilisahau ni wapi majina ya watu husomwa kutoka kwenye daftari. Husomwa msibani, wanapotajwa waliotoa rambirambi. Husomwa kwenye kikao cha harusi, wanapotajwa waliochanga. Kusomwa ni heshima, na kutosomwa ni aibu ambayo watu wataizungumza mpaka msiba mwingine. Kwa kalamu yangu mwenyewe nilikuwa nimeanzisha mchango wa kudumu wa kijiji, na mgeni rasmi ni mimi.

Wiki iliyofuata benchi la nje lilijaa vikapu. Mtu alikuja kunilalamikia kwamba nimemwandika "kuku" wakati yule alikuwa jogoo, na watu wamemcheka. Mwingine akaomba debe lake la kunde liandikwe kwa majina mawili, lake na la mkewe, maana nyumbani hakukaliki. Mama mmoja aliyekuwa ameandikwa mayai matatu alirudi na mengine manne, akaniomba nijumlishe. Wote hawa nilishawapa barua zao. Walikuwa wanarekebisha rekodi tu. Shuleni mpishi akaanza kuniamkia shikamoo ingawa alikuwa na umri wa mama yangu, na mimi badala ya kushtuka nilipiga mistari ukurasa mwingine.

Ilikuwa Jumatano ndipo mwenyekiti alipoingia ofisini bila mzaha. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitalini Korogwe kwa wiki moja tu, wakiwapasua wenye mtoto wa jicho. Mzee asiye na uwezo alitibiwa bure, mradi awe na barua ya kijijini kwake. Nilikuwa nimeandika barua tisa.

"Na bibi wa kule bondeni?" mwenyekiti akauliza. "Yule anayeishi peke yake. Haoni jicho hili, na hili linakwenda. Ijumaa madaktari wanaondoka."

"Hajaja."

"Najua hajaja. Nimetoka kwake. Anasema hana cha kuandikwa."

Nilimwomba arudie, ingawa nilikuwa nimesikia. Kisha nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tena kazini, aibu ya moto kabisa, masikioni. Nilichukua karatasi, kalamu, kidau cha wino na mhuri, nikatia kwenye mkoba. Kuutoa mhuri ofisini nadhani nako ni kuvunja utaratibu fulani, lakini siku hiyo sikufungua kijitabu cha semina kutafuta.

Bibi nilimkuta mlangoni kwake akichambua kunde kwa vidole, macho yameelekea kwingine kabisa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mtendaji."

Akaacha kunde. "Mjukuu wangu, samahani, nilikuwa naja. Kuku wangu ameatamia. Wakitotolewa wakakua kidogo nitakuja na mmoja mzuri."

"Bibi, vifaranga mpaka wakue ni miezi. Madaktari wanaondoka keshokutwa."

"Ndiyo bahati yangu hiyo. Sasa nije na nini? Na majina yanasomwa."

Nikamweleza. Nilimsomea kanuni nilizozikariri, kwamba barua si zawadi yangu kwake, ni haki yake, kwamba asiyeleta kitu na aliyeleta ng'ombe ni sawa mbele ya meza ile. Alinisikiliza hadi mwisho, jinsi yule mfugaji alivyonisikiliza.

"Kama ni haki yangu," akasema, "mbona mkutanoni hukusoma majina ya wenye haki? Ulisoma ya wenye kuku."

Nilipiga magoti pale mlangoni, nikaweka karatasi juu ya ungo wake uliopinduliwa, nikaandika barua huku machozi yakinisumbua, nikagonga mhuri. Bibi alisikia mlio wake, akauliza, "Ndiyo tayari? Huo tu?" Nikamwambia huo tu. Akacheka, akasema yeye miaka yote alidhani ni kazi kubwa.

Alhamisi asubuhi niliomba ruhusa, nikampeleka Korogwe mwenyewe, maana hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Ijumaa, siku ya mwisho, wakampasua. Alilala siku mbili kwa mama yangu Kwamndolwa, jicho likiwa limefungwa bandeji, na wale wawili walielewana hadi nikaona wivu. Mama aliongea Kishambaa, bibi akajibu Kizigua, wakawa wananisema mimi kwa lugha zote mbili. Nilimsikia mama akimwambia kwamba tangu utotoni nilikuwa mtoto wa kupiga mistari kwa rula. Bibi akajibu kwamba ameshaona. Na alikuwa haoni.

Niliporudi niliitisha mkutano wa dharura. Niliwaambia wazi kwamba nimekosa, kwamba rejista ile ilikuwa ya kunibana mimi, si ya kuwapamba wao, na kwamba kwa ajili yake mtu alikaribia kupofuka akisubiri mayai yaanguliwe. Nikawasomea karatasi nyingine: barua nilizoandika mwezi ule, ngapi zilitoka siku ileile na ngapi nilizichelewesha, na kwa nini. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee wa jogoo aliinua mkono, akauliza kama waliokwisha kuandikwa wanafutwa au wanabaki. Nikamwambia wanabaki kwenye kumbukumbu, hawasomwi tena. Akakaa, ameridhika nusu.

Nisiseme uongo kwamba mambo yalibadilika kesho yake. Mazoea hayaondoki kwa tangazo. Vikapu vilipungua, lakini vikajifunza kujificha chini ya khanga, na mtu akiondoka nilikuta viazi vitamu nyuma ya mlango, havina mwenyewe. Nilivipeleka shule nikinung'unika. Kilichonikasirisha zaidi ni kwamba wasio na kitu bado hawakuja. Walimtuma mwenyekiti awaulizie kwanza kama mtendaji ana hasira.

Yapata miezi miwili baadaye, siku ya gulio, benchi likiwa limejaa, nikasikia nje kelele zimezimika. Nikachungulia. Bibi alikuwa anakuja mwenyewe, bila wa kumshika, amejifunga khanga mpya, anakwepa mawe ya njiani mojamoja kwa madaha, maana sasa aliyaona. Watu wakasogea wampishe aingie kwanza. Akakataa, akakaa mwisho wa benchi. Kisha akanyoosha mikono yake miwili mbele, viganja juu, kama anayetawadha, akaviacha hivyo watu wavitazame.

"Sijabeba kitu," akatangaza. "Wala chini ya khanga hamna. Mnaweza kukagua."

Watu wakacheka, mmoja akamwuliza kwani kuku wake hakutotoa.

"Ametotoa saba, wamenona. Nimewaacha nyumbani makusudi."

Hakuna aliyecheka tena. Zamu yake ilipofika aliingia, akaomba barua ya kurudi kliniki kwa ajili ya jicho la pili. Niliandika, nikagonga mhuri, nikampa. Haikuchukua hata dakika tano. Hajui kusoma, lakini aliishika karatasi ile karibu na uso, akaielekeza dirishani kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe wino wake ni wa bluu," akasema.

Kisha akanitazama na mimi, kwa mara ya kwanza, akasema kumbe mtendaji mwenyewe ni katoto hivi, na amekonda, mama yake ampe ndizi. Akatoka, barua ameiinua juu ya kichwa, akapita mbele ya benchi lote taratibu ili kila mtu aione na aione mikono iliyoibeba. Mimi nilibaki mezani, nalia na kucheka, na nikashindwa kumwita anayefuata. Aliyefuata aliingia mwenyewe. Alikuwa kibarua wa mashamba ya watu, sijawahi kumwona ofisini kabla ya hapo, na kikapu chake alikuwa amekiacha nje kwenye benchi.

"Nataka barua," akasema, na viganja vyake akaviweka juu ya meza yangu, wazi.