Kiti ya Raisi wa Bengine

Masomo niliacha mu troisième secondaire. Iliendelea bila mi, na haikunililia hata siku moja. Lakini kazi moja niko nayo: ni munungwe. Kwetu Kolwezi, kama mutu anakufa, jamaa yake njo inalia, na bantu ya kabila yenye kutaniana naye, njo banungwe, banakuja kuchekesha. Munungwe anaweza lala mu njia ya jeneza na kudai bukari, ule ugali wetu. Anaweza vaa kofia ya marehemu na kutembea sawa vile marehemu alikuwa anatembeaka. Na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. Mi njo ule mwenye kulala mu njia. Hata mwili inanisaidia: kichwa kubwa, miguu nyembamba, bantu banaanza kucheka mbele sijafungua kinywa.

Kulikuja kampani ya bageni benye kuchimba kobalti. Inchi yao ni ile yenye raisi habadilikake, na gazeti haimusemake vibaya. Pamoja na kampani kulikuja asosiasio ya urafiki ya ile inchi. Balikuwa bazuri kweli, siseme bongo. Kama kuna kilio, matanga ya mutu, banatuma bashe kubwa ya kukinga jua na mvua, na biti ya plastiki ya kuikalia. Bure. Biti yote iko na drapo yao ndogo, bendera ya inchi yao, ku mugongo. Tulizoea. Batoto ba kartie, mutaa wetu, bakaanza kufikiri ile drapo ni alama ya mutu amekufa.

Ku kilio ya fundi wa vélo, baiskeli, nikaiga bakubwa. Nikaiga depite wetu wa bunge, nikaiga raisi wetu, bantu bakacheka. Macho yangu ikaanguka ku ile drapo, nikaiga na raisi wa kule, sawa namuonaka ku télé: uso haitikisike, mukono inapunga polepole kama mutu anapanguza kioo. Mama mumoja alicheka mupaka kitambala ikamutoka ku kichwa. Mutu akafilme, ikaingia mu WhatsApp.

Kisha akanifikia tata mumoja mwenye kutumikia asosiasio. Mutu wa hapa hapa, adabu mingi, shati ya pasi. Hakunigombeza. Alikunywa munkoyo yangu, kinywaji ya mahindi, akasema:

— Tata, shi na bale ni barafiki. Mutu hachekake baba ya rafiki yake.

— Kwani ule ni baba yako?

— Hapana, tata. Ni ba... ni bakubwa njo banasema vile.

Akashukuru kwa munkoyo, akaenda. Ni yote.

Ku kilio yenye ilifuata, bashe haikukuja. Balisema camion, lori yao, imeharibika. Uelewe vizuri: hakuna mutu alitukataza kitu. Hakuna barua, hakuna polisi. Ni shi benyewe tulianza. Shefu wa kartie akaniambia nichunge kinywa. Ku terrasse, kwenye kunywa pombe, bantu banatukana raisi wetu kwa sauti, polisi iko pale na anaongezea yake. Lakini ukitaja ule wa mbali, banaangalia nyuma. Wetu tunamupigiaka kura na tunamuchekaka. Ule hatukumupigia kura hata kidogo, njo tunamuogopa. Mu kichwa yangu ya troisième, ile hesabu ilikataa kuingia.

Pale njo alikufa mama mwenye kuuzisha bukari kwa bakrezere, bale bachimbaji ba ku njia ya Mutoshi. Mama wa kutoka Kasaji, kinywa kali kupita yangu. Wakati wa bugonjwa aliniita:

— Wee kichwa ya mbuzi. Usiache kilio yangu ikuwe kama bureau, ofisi ya serikali. Bacheke. Kama habacheke, nitarudi kukukamata miguu.

— Mama, hii miguu ndogo hivi, utakamata nini?

Akacheka, akakohoa, akasema niahidi. Nikaahidi.

Ilikuwa kipindi ya mvua, na bakrezere bengi balitaka kukuja. Komite ya kilio ikaomba bashe. Asosiasio ikaitika, na ule tata wa shati ya pasi akakuja nayo, akaikala mbele kabisa. Binti ya marehemu akanivuta kando:

— Yaya, kaka yangu, tafazali. Mvua ikinyesha, hawa bantu bataikala wapi? Chekesha, lakini ile inchi usiiseme.

Nikaanza. Nikaiga mama vile alikuwa anafukuza bakrezere benye kula bila kulipa. Bantu banamuangalia kwanza ule tata, waone kama anacheka, kisha njo banafikiri kucheka. Kilio ilikuwa bureau kabisa. Nikaangalia miguu yangu, kama mama hayarudi kuikamata.

Basi nikakamata kiti moja, nikaiweka katikati, drapo inaangalia bantu. Hakuna mutu juu yake. Nikaipanguza na shati yangu. Nikaiinamia. Nikailetea bukari, nikangojea ianze kula. Nikapiga chafya, nikaiomba musamaha. Krezere mumoja akataka kupita, nikamunongoneza: "Zunguka kule, anapumuzika." Bamama ba ku jiko njo balianza, kisha bashe nzima ikapasuka na kicheko. Binti alifunika kinywa, machozi inatoka. Na ile inchi sikuisema.

Nikageukia tata:

— Na wewe, salimia. Kwanza, kwenu ni wapi?

Akataja kwao polepole. Bantu bakapiga makelele: kabila yake na yangu ni banungwe tangu zamani!

— Munungwe wangu! Hauna ruhusa ya kukasirika!

Akaangalia kuume, akaangalia kushoto. Akasimama, akanyoosha shati, akaiinamia kiti mupaka chini. Krezere mumoja alianguka mu udongo kwa kucheka.

Wakati wa kuenda, akaniuliza:

— Sasa nitawaandikia nini bakubwa?

— Andika: kiti iliheshimiwa sana.

Bashe yao haikurudi tena. Ku kilio ingine tulishona pamoja bashe za kuanikia mihogo. Ikavuja, tukacheka tumelowana. Na mu ile mvua nikaona ule tata anakuja, kiti ya mbao ku kichwa, ya kwake, imeungua alama ya sufuria.

— Munungwe, kiti bila drapo? Hii ni ya raisi gani?

— Ya bibi yangu, mama ya batoto yangu.

— Nimuige?

— Ule hapana, tata. Ule ni mukali kweli.

Ule bibi yake nilisha muona ku soko. Sikumuiga.