Watu Waliotoka Kwenye Mti wa Nyuki

Dada yangu anafundisha historia sekondari moja hapa Tabora, kwa kujitolea, mwaka wa tatu huu anasubiri ajira. Mimi niliishia la saba, natengeneza simu kibandani mtaa wa Kanyenye. Ninachojua nimekisoma kwenye madaftari yake. Ukimgusa yeye, umenigusa mimi.

Ilianza siku anafundisha kidato cha kwanza habari za binadamu wa kale. Mwanafunzi akauliza, sasa sisi Wanyamwezi tulitoka wapi? Dada akawapa ile hadithi ya bibi yetu wa kijijini Ipole: Mungu alipasua mti wenye nyuki, watu wakatoka mmoja mmoja, wa mwisho wakaumwa, ndiyo maana kuna watu wana hasira. Darasa likacheka, akarudi kwenye mafuvu na zana za mawe.

Kwenye jaribio, nusu ya darasa wakaandika nyuki.

Karatasi zikafika majumbani, wazazi wakaitwa kikao. Nikafunga kibanda nikaenda, na mtoto pale sina. Kila Ijumaa, kipindi cha dini, watoto wao wanagawanyika, hawa kwa ustadhi, hawa kwa mchungaji. Siku hiyo wazazi walikuwa kitu kimoja. Wengine wanataka Adamu aingie kwenye historia, wengine wanataka nyani watoke. Mkuu wa shule anajifuta jasho tu. Barua ya kumpendekeza dada apewe ajira ilikuwa kwake, bado hajaisaini.

Nikasimama. Nikasema dini ina kipindi chake na mwalimu wake, hadithi ya bibi isimuliwe ila isitolewe maksi, na historia iachiwe mifupa yake. Hapo ningekaa. Lakini mzee mmoja muuza vitambaa akaniuliza, "Na wewe ni nyani wa upande gani, kwa baba au kwa mama?" Watu wakacheka, mimi nikawaka. Nikamwambia kama anatafuta nyani, dukani kwake kuna kioo.

"Huyu ni mdogo wangu," dada akasema. "Mniwie radhi, wazee wangu. Wewe, kaa chini."

Akaomba radhi kwa ajili ya nyuki, na kwa ajili yangu. Mkuu akasema barua isubiri kwanza. Tulirudi kwa miguu, hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Mwezi haujaisha, yule mzee kaja nyumbani kwetu. Binti yake kafeli lile jaribio, anaomba afundishwe jioni, hasa mada ya nyani, maana inatoka kwenye mtihani. Haamini hata neno moja, ila maksi anazitaka. Nilishafungua mdomo. Dada akamwambia, "Shikamoo mzee. Mlete saa kumi."

Binti akaja, mpole kabisa. Mimi nipo barazani na simu ya mtu. Katikati ya somo nikamsikia, "Mwalimu, hii niiandike tu, au niiamini?"

Dada akamsogezea daftari.

"Andika," akasema. "Ya kuamini kamuulize baba yako."

Huyu huyu aliyenifundisha kuuliza. Nikageuka nimwambie neno. Nikauona uso wake ulivyochoka, na barua ile bado haijasainiwa, nikaendelea na simu.