Sista Niliyedhani Kaolewa Kwetu

Majuzi mgeni wa Kijerumani kanisani aliniita "Tusvege," nami Tuswege nikaitika upesi kama mtoto.

Kwetu Unyakyusa mke hatamki jina la baba mkwe wake. Mimi nilirithi jina la babu mzaa baba, kwa hiyo mama alilipinda kila aliponiita: "Tusvege." Utotoni, nilipolazwa peke yangu hospitali ya misheni, sista Mjerumani aliyenukia sabuni alinijia na kikombe. "Tusvege, uji."

Nikajua huyu kaolewa kwetu, kama mama. Sikujua masista hawaolewi. Nikaacha kulia, nikanywa.

Akaenda kitanda cha pili. "Lvitiko, na veve."

Lwitiko akanicheka. "Unashangaa nini, we? Anatuita hivyo wote. Ndiyo midomo yao."

Nikajifunika blanketi gubigubi. Kumbe mle hospitalini sikuwa na mtu wa nyumbani.